Niliendesha baiskeli kuzunguka bwawa Masasi, nikaacha msiba nyuma yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na tunaosubiri kuitwa kazini.

Jambo lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa hili: je, mtu mwenye digrii na asiye na kazi anaruhusiwa kwenda nyumbani kwa watu kuuliza kama mjomba yupo?

Msicheke bado.

Waliozaliwa Masasi na Newala wameshanielewa. Kwa wengine nieleze kidogo. Kwetu ukitaka kuoa, humfuati baba wa binti. Baba anaweza kuwa amekaa pale pale anakunywa chai na asiulizwe kitu. Mwenye neno ni mjomba, kaka yake mama. Na wewe mwenyewe huendi. Unamtuma mjomba wako, wajomba wanakaa mkekani, wanakohoa, wanazungumza mvua na korosho, halafu ndipo wanafika kwenye jambo lenyewe.

Haya ninayoandika yalinitokea mimi. Kama humu yumo mtu aliyekuwepo siku ile, namwomba avumilie nimalize, ndipo anichambue.

Ilikuwa miaka ile soko huria limekolea. Mitumba inashuka kwa marobota, wanunuzi binafsi wa korosho wanakimbizana vijijini na pikapu, na mnara wa simu uko mjini tu. Ukisogea nje kidogo, simu yako inabaki kuwa saa.

Mimi ni wa Newala. Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani miezi kadhaa, nikaona nitazeeka nikisubiri majibu ya barua za kazi. Nikashuka Masasi kwa dada yangu, Mama Zuhura, anayeishi upande wa Lisekese. Nilimwambia nimekuja kuwa karibu na posta. Ukweli ni kwamba nilitaka pia kuoga kila siku. Watu wa Newala, wanaoijua shida ya maji, hawatahitaji maelezo hapo.

Sasa, karibu na kwa dada palikuwa na bwawa.

Mkandarasi mmoja wa barabara aliziba kijito ili apate maji ya kazi zake. Alipoondoka akaacha maji yametanda kama ziwa dogo, na njia ya lami imelizunguka lote. Wenyeji waliambiwa ile ilikuwa lami ya majaribio. Wakubwa wa wilaya wakaona ifanywe bustani ya mapumziko: wakapanda miti, wakajenga mabenchi ya saruji, wakasimika vyuma kwenye maingilio ili gari lisipite. Pikipiki nazo zilipigwa marufuku baada ya moja kuingia majini na abiria wake, na abiria mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kitongoji.

Kwa hiyo fikiria, mkuu. Lami laini. Hakuna gari, hakuna honi, hakuna vumbi. Upande mmoja maji na bata, upande mwingine mikorosho ya watu imeinamisha matawi mpaka unapita chini yake umeinama. Mimi niliyekulia kwenye mchanga wa uwanda wa juu, ambako baiskeli unaisukuma zaidi ya kuipanda, niliona nimefika peponi bila kufa.

Baiskeli nilikuwa nayo. Niliinunua ya mtumba kwa pesa yangu ya mwisho ya chuo, uamuzi ambao mama yangu mpaka leo anausimulia kwa wageni. Ilikuwa ya mbio. Matairi membamba kama kidole, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, haina madigadi, haina kengele, na kubwa kuliko yote, haina keria. Yule muuza mitumba akanipa na vifaa vyake: kofia ngumu yenye matundu, miwani myeusi, fulana nyeusi na kaptula nyeusi ya kubana.

Kaptula hiyo iliwapa kazi majirani wa dada.

"Mwanangu, hiyo unabebea nini?" aliniuliza mama mmoja siku ya kwanza, akitazama pale ambapo keria ingekuwepo.

"Sibebi kitu, mama. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya kubeba nini?"

Sehemu zetu baiskeli ni punda. Inabeba dumu, gunia, mgonjwa, kitanda, mbuzi. Mtu kupanda baiskeli tupu, azunguke maji, arudi pale pale alipotokea, mikono mitupu, ni jambo ambalo dada alinikalisha chini kulizungumzia.

"Mdogo wangu," alisema, "wanauliza kama chuoni uliumwa."

Hata hivyo niliendelea, maana pale bwawani ndipo nilipokutana na Hadija.

Hadija alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Kwao ni pale kwenye kona ya bwawa, nyumba yenye mikorosho mitatu inayoegemea kabisa njia ya lami. Jioni hupita na madaftari ya wanafunzi kichwani, na siku ya kwanza aliponiona alisimama katikati ya njia, nikalazimika kufunga breki.

"Hiyo baiskeli mbona ina pembe? Inapiga watu?"

Nikamweleza habari za upepo, kwamba ukiinama upepo unakupita juu. Akasikiliza kwa makini kama mwalimu anayesikiliza mtoto aliyekosea hesabu kwa njia ya kuvutia.

Baada ya hapo tukawa tunaongea kila jioni. Mimi nasukuma baiskeli, yeye anatembea. Sikuwahi kusema lolote la maana. Kila sentensi niliyoiandaa nilikuwa naikagua kwanza: ikieleweka vibaya je? Ikieleweka vizuri halafu akakataa je? Akikubali halafu tule nini?

Jumatatu ya wiki ile akaniambia, bila kunitazama:

"Kuna mnunuzi wa korosho, ana pikapu. Ijumaa anakuja na watu wake kumwona mjomba."

"Kumwona kwa habari ya korosho?"

Akasimama. 

"Wewe zunguka tu," akasema, akaingia kwao.

Wakuu, hilo neno nililichambua usiku na mchana. Zunguka tu. Ni hasira? Ni kwaheri? Ni ruhusa ya michezo? Nilimuuliza dada kwa mbali, kama vile ni habari ya rafiki yangu. Dada akasema, "Mwambie rafiki yako ni mjinga."

Njia sahihi ilikuwa nyepesi. Nipande gari mpaka Newala, nimwambie mjomba wangu, nishuke naye kabla ya Ijumaa. Lakini nikaanza kufikiri. Mjomba wangu ni mtu mzito, akishuka mlima ameshuka. Je, nikimleta tukute mjomba wa Hadija hayupo? Je, akatae kupokea watu wa kijana asiye na kazi, mjomba wangu aaibike kwa ajili yangu? Nikaona busara ni kupima kwanza. Nipite mwenyewe, niulize tu kwa adabu kama mjomba yupo, niusome uso wa mama mtu, halafu nipange.

Kupima kwanza. Hiyo ndiyo elimu ya juu, wakuu.

Alhamisi asubuhi nikavaa nguo zangu zote za baiskeli, maana nilisema nikienda na suruali itaonekana nimekuja kuposa, lakini nikienda na baiskeli itaonekana napita tu.

Nikaingia kwenye lami. Mzunguko wa kwanza nilijiambia nikifika kwenye ile mikorosho nitasimama. Nikafika, nikapunguza mwendo, nikamwona mama anafagia uwanja. Moyo ukagoma. Nikapita.

Mzunguko wa pili nikapunguza mwendo zaidi. Safari hii walikuwepo majirani wawili wanabangua korosho kivulini. Wote wakaacha kazi wakanitazama. Sikusalimia, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo itatoka sauti ya ajabu. Nikapita.

Nikaona mambo ambayo wakati ule hayakunishtua. Wanawake waliokuwa wanafua ukingoni walikuwa wanacheka na kutaniana kila nilipopita siku zote. Siku hiyo nilipopita walinyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi la saruji akavua kofia. Nikasema moyoni, kumbe wameanza kuheshimu mazoezi.

Mizunguko mingine siihesabu. Nilipoingia mara ya mwisho nilikuwa nimelowa jasho, midomo imekauka, macho mekundu chini ya miwani. Nikashuka, nikasimamisha baiskeli kwenye mkorosho, nikatembea mpaka uwanjani nimeinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Ufagio ulikuwa bado mkononi. Alikuwa hajawahi kuniona kwa karibu. "Umetokea wapi?"

"Newala, mama." Si ndiko kwetu?

Akaniletea maji kwenye kikombe. Nikaona nitayamwaga mbele ya mama mkwe mtarajiwa. Nikasema, "Hapana mama, asante. Eti... mjomba yupo?"

Ufagio ukaanguka.

"Mjomba kaenda Newala," akasema taratibu. "Kwa mama. Tangu jana."

"Basi," nikasema, "kama hayupo... si kitu. Nitarudi." Na kwa sababu nilikuwa na huzuni ya kweli kwamba nimekuja bure, nikaongeza, "Pole, mama." Sijui kwa nini niliongeza. Ni mdomo tu.

Yule mama akaweka mikono kichwani, akapiga yowe mpaka bata wote wa bwawa wakaruka.

Wakuu, mimi nilielewa jambo moja tu. Nimekataliwa.

Nikasema, kumbe wameshazungumza habari zangu humu ndani. Kumbe kuniona tu ni balaa la kupigiwa yowe. Nikairukia baiskeli, nikakanyaga kama naifukuza roho yangu. Nikatoka upande wa pili wa bwawa mpaka kwa dada, nikajifungia, nikalala kifudifudi na kofia ngumu kichwani.

Mchana dada akagonga mlango.

"Vaa vizuri twende. Kwa kina Mwalimu Hadija kuna msiba."

Nikakaa kitandani. Msiba! Nikaanza kuunganisha mambo upya. Kumbe yule mama alikuwa anamlilia marehemu wake! Labda habari ilimfikia pale pale nilipokuwa nimesimama, kwa njia nisiyoiona. Sijakataliwa! Nikapata nafuu, halafu nikaona aibu kupata nafuu kwenye kifo cha mtu, halafu nikajiuliza kama aibu hiyo inatosha. Nikavaa suruali, shati na kofia ya kitambaa, tukaenda.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake ndani, wanaume mikekani chini ya mikorosho, moto umeshawashwa nyuma ya nyumba, masufuria yameletwa. Nikakaa pembeni karibu na Mzee Ismaili, yule yule aliyenivulia kofia asubuhi. Hakunitambua hata kidogo.

"Shikamoo mzee. Poleni."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Nani ametangulia?"

"Bibi wa Newala, mama yake Bakari." Bakari ndiye mjomba mwenyewe. "Amekuwa akituaga kila masika. Safari hii ameondoka kweli."

Mbele yetu wanaume wawili walikuwa wanabishana azikwe wapi.

"Azikwe kwao Newala, kwenye makaburi ya ukoo."

"Newala? Na maji ya kumwoshea utayatoa wapi? Kule dumu moja wanaligombania walio hai!"

"Wewe usitukane watu wa Newala."

"Situkani. Mimi nimeoa kule. Nilioga siku ya harusi na siku ya kuondoka."

Watu wakaficha vicheko kwenye mikono. Mimi kama mtu wa Newala nikataka kutetea, nikakumbuka sina hoja.

"Habari ililetwa na nani, mzee?" nikamuuliza Mzee Ismaili, kwa kutaka tu mazungumzo.

"Kijana mmoja. Sijapata kuona mleta habari wa namna ile. Nyeusi tupu, mwili mzima. Kichwani kama kavaa bakuli. Baiskeli haina mzigo, haina hata pa kuweka mzigo."

Nikaivuta kofia yangu ya kitambaa usoni.

"Kapita hapa mbio, hasalimii mtu. Nikajua huyu kabeba neno. Kazunguka bwawa, karudi, kachungulia uwanjani, kashindwa kuingia. Kazunguka tena. Nikamwambia mwenzangu, habari hiyo ni nzito, kijana anaogopa kuitua. Mwisho kajikaza kaingia. Mama Hadija kampa maji, kakataa. Kauliza mjomba. Kusikia mjomba hayupo, kasema pole, kaondoka. Adabu nzuri sana. Watoto wa siku hizi wangepiga kelele njiani."

Hapo sasa nieleze kwa wasiojua.

Kwetu, kabla ya hizi simu, habari ya kifo ilikwenda kwa baiskeli. Anayeipeleka habebi mzigo wowote. Hasalimii njiani, kwa sababu akisalimia ataulizwa habari, na habari hiyo haitakiwi isikike barabarani kabla ya wenyewe. Akifika hanywi maji ya nyumba ile kabla hajaitua. Na hawaambii wanawake. Anauliza mjomba, anamvuta pembeni, anamnong'oneza.

Mimi najua hayo tangu nikiwa na akili ya kujua kitu. Baba yangu mdogo alikuwa mpeleka habari wa kijiji. Nilifikiria mambo yote duniani wiki ile, mpaka rangi ya soksi. Hilo moja halikunipitia.

Nikasema nisimame niseme sasa hivi. Nikasema hapana, ngoja watulie. Wakatulia. Nikasema hapana, wametulia mno. Nikaanza kuandaa maelezo kichwani, yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Nikiwa kwenye utangulizi, wanaume wakaletewa uji. Ningekunywaje uji wa msiba wangu mwenyewe? Ningeuachaje bila kuulizwa? Nikanywa.

Ndipo Hadija akatoka shuleni. Alikuja anakimbia, macho yamevimba, kanga kichwani, akaingia ndani, tukasikia kilio kimeanza upya. Kile kilio, wakuu, kilinitoboa. Mpaka dakika ile nilikuwa naiogopa aibu yangu tu. Sasa nikaona kuna mtu analia kweli, kwa sababu yangu, na ni yule yule.

Baada ya muda kilio chake kikakatika ghafla. Akatokea kwenye pembe ya nyumba, akaangaza mikekani mpaka akanipata.

"Kaka, njoo unisaidie sufuria."

Nikaenda nyuma ya ukuta. Hapakuwa na sufuria.

"Baiskeli yako iko wapi?"

"Kwa dada."

"Na lile bakuli?"

"Kwa dada."

"Bibi yangu amekufa?"

"Sijui."

"Hujui vipi, si wewe uliyeleta habari?"

"Sikuleta habari. Niliuliza tu kama mjomba yupo."

"Ulikuwa unamtaka mjomba wangu wa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa marefu.

"Wa nini, wewe?"

Nadhani uso wangu ulijibu, maana Hadija alijifunika kanga usoni na mabega yakaanza kutikisika. Mama mmoja aliyepita na kuni akasema, "Mwacheni alie, bibi yake alimpenda sana huyu." Mimi niliyekuwa karibu nilisikia. Hakikuwa kilio.

Pale pale tukasikia gari linanguruma nje ya vyuma, upande wa barabara.

Ilikuwa pikapu. Nyuma imejaa madumu matupu, maana mtu wa Newala hashuki bwawani mikono mitupu, na juu ya madumu amekaa mwanaume mmoja mnene ameshika kofia. Huyo ni Mjomba Bakari. Kwenye usukani kijana nadhifu wa shati la mikono mirefu. Nikajua bila kuambiwa: mnunuzi wa korosho. Na kando yake, kiti cha mbele, amekaa bibi kizee mdogo kama mtoto, amevaa kanga mpya. Kumbe alikuwa amefuatwa ili awepo Ijumaa, mgeni akipokewa.

Bibi akaona watu. Akaona mikeka. Akasikia wanawake wanalia ndani. Akafungua mlango gari halijasimama.

"Uwiii! Mwanangu! Mwanangu mimi! Kafa!"

Akajitupa mkekani, akalia kuliko watu wote waliokuwa wamelia tangu asubuhi. Na wanawake walio ndani, kwa mazoea, wakamwitikia.

Mzee Ismaili alimtazama yule bibi anayegaragara mbele yake, akakunja mkeka wake taratibu, akasogea nao nyuma.

Mama Hadija akatoka ndani aone nani analia hivyo. Wakatazamana.

"Mama?"

"Wewe hujafa?"

"Mama, si wewe uliyekufa?"

"Mimi? Nani kasema?" Bibi akakaa, akajikung'uta mchanga. "Nimekufa lini?"

Masufuria yakaendelea kutokota nyuma ya nyumba.

Mjomba Bakari akaingia katikati ya uwanja. "Nani kaleta habari hii?"

Wakaeleza wote kwa pamoja. Nyeusi tupu, bakuli, baiskeli yenye pembe. Kila aliyeeleza aliongeza kidogo, mpaka mmoja akasema nilikuwa nalia damu.

"Huyo ni mtu mbaya," akasema mnunuzi wa korosho, anachezea funguo. "Kumtangazia mtu kifo ni kumwapiza. Atafutwe. Mimi gari ninalo, tutampata."

Wanaume wakaitikia. Wengine wakaanza kusimama. Mjomba Bakari alikuwa ameshika mkono wa mama yake. Nilidhani ana hasira tu, kumbe anafuta macho.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu, na njia ya kutokea ilikuwa wazi. Hakuna aliyenitambua. Hadija asingesema, nilijua hivyo. Ningeweza kurudi kwa dada, nikaichoma ile kaptula, na kesho yake Ijumaa ingefika na mgeni wake angekaa mkekani.

Hadija alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, ananitazama. Hakuwa anacheka tena.

Nikatembea mpaka mbele. Utangulizi, kiini na hitimisho vyote vikaniacha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Ni mimi. Sikusema mtu amekufa. Niliuliza kama upo, kwa sababu namtaka Hadija. Nataka kumwoa. Kazi bado sijapata. Nina digrii, na hiyo baiskeli."

Kicheko cha kwanza kilitoka ndani kwa wanawake. Kisha Mzee Ismaili. Kisha sijui nani na nani, uwanja mzima, watu wanapigana mapaja, mwingine kalala chali. Mnunuzi wa korosho hakucheka. Mjomba naye hakucheka, lakini mdomo ulikuwa unamsumbua.

"Mleteni nimwone," akasema Bibi.

Nikapiga magoti mbele yake. Akanishika kidevu.

"Huyu ndiye aliyeniua?"

"Ndiye, mama," Mama Hadija akajibu, machozi bado yanamtiririka.

"Mbona mwembamba? Wa ukoo gani wewe?"

Nikamtajia. Nikamtajia na mjomba wangu.

"Namfahamu. Mjomba wako anajua umekuja kusema maneno haya?"

"Hajui, bibi."

"Basi hujasema kitu. Mtoto akisema mwenyewe ni kelele." Akamgeukia mwanawe. "Bakari, wa kesho ni nani?"

"Huyu mwenye gari, mama. Anakuja na watu wake baada ya sala."

"Aje. Na huyu akimleta mjomba wake, aje. Watakaowahi kukaa mkekani tutawasikiliza kwanza. Hadija atatuambia mwenyewe amekubali neno la nani. Hayo masufuria yaleteni tule, sitaki kuona chakula changu kinapotea."

Nikainuka. Newala ni mbali, magari ya siku yalikuwa yameshaondoka, na baiskeli yangu kwenye ule mchanga wa kupandia mlima ingekwama kabla ya kuanza. Nikamtazama mnunuzi wa korosho. Alikuwa anajaza maji kwenye madumu arudi Newala jioni ile ile kuwachukua watu wake.

Siku nyingine ningeliwaza jambo hilo wiki nzima. Je, ni haki? Je, atakubali? Je, atanitupa njiani?

"Kaka," nikamwambia, "naomba lifti."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa amshikie mwizi ngazi. Akafungua mdomo akatae. Bibi akamwahi.

"Mpandishe, mwanangu. Wewe si mtu mwema?"

Mbele ya mjomba wa watu, angesemaje? Nikapanda nyuma, juu ya madumu. Hadija akaja mpaka kwenye bodi ya gari, akanipa kanga yake nikalie.

"Usifikirie njiani," akaniambia.

Nawaapia wakuu, yule bwana hakukosa shimo hata moja kutoka Masasi mpaka Newala. Alipofika kwenye kona za mlima aliongeza mwendo. Niliteremka nimelowa maji ya madumu mpaka kwenye soksi, nikamshukuru, naye akaitikia kwa kichwa. Si mtu mbaya.

Nikaingia moja kwa moja kwa mjomba wangu. Alikuwa anakula. Nikamwamkia, nikasema hapo hapo: "Mjomba, kesho alfajiri twende Masasi. Nataka unisemee kwa watu. Nimepata mke."

Akaacha kula. Akanitazama jinsi nilivyolowa.

"Una uhakika?"

Wakuu, hilo ni swali ambalo nimejiuliza mwenyewe juu ya kila kitu tangu nazaliwa, na sijawahi kulijibu.

"Nina uhakika," nikasema.

Akanawa mikono, akaenda kutoa kanzu yake sandukuni. Alfajiri tulikuwa kwenye gari la kwanza.

Nilichojifunza ni kidogo. Kupima sana jambo nako kunawaumiza watu, tena watu ambao hata hujawaambia kwamba unawapima. Yule mama alilia nusu siku kwa sababu mimi nilitaka kuusoma uso wake badala ya kumwambia shida yangu.

Mke wangu anasema niandike pia kwamba bibi yake aliishi miaka mingine mingi, na kila masika aliendelea kuaga.

Haya, uwanja wenu. Nataka kusikia, kwenu habari ya msiba ilikuwa inafikaje kabla ya simu? Na yupo mwingine humu aliyewahi kunywa uji kwenye msiba alioutengeneza mwenyewe, au niko peke yangu?